Singida hadi Ngome Kongwe: siku saba nikifuata muziki wa laivu

Nilirudi nyumbani Jumanne usiku, na nimechukua wiki mbili kuyapanga haya kutoka kwenye daftari la mfukoni na picha za simu. Kurasa mbili zililowa maji ya chumvi, lakini maandishi yanasomeka.

Kazi yangu ni ufundi wa redio na spika. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiupata muziki kwa kupitia nyaya: redio ya mteja imekufa, naifungua, natafuta penye ubovu, na dalili ya kwanza kwamba imepona ni wimbo. Nyimbo za bendi za zamani, NUTA, JUWATA, Mlimani Park na Morogoro Jazz, nazijua mpaka mikwaruzo yake. Kuziona zikipigwa, kumwona mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba, ndiyo ilikuwa bado. Kwetu bendi kamili hupita mara moja moja, na wasanii wengi wanaokuja huimba juu ya wimbo uliokwisha rekodiwa. Watu wanafurahi, na sina ugomvi nao. Mimi nilikuwa na hamu ya kuona mikono.

Ndipo nikaweka akiba tangu Agosti, nikafunga karakana Februari, nikaondoka kwenda tamasha la Sauti za Busara, ndani ya Ngome Kongwe, Unguja.

Siku ya 1, Jumatano tarehe 12: Singida, Dodoma, Dar es Salaam

Basi liliondoka saa 12 asubuhi, nauli 15,000. Hesabu yangu ilikuwa kufika Dodoma kabla ya saa tano, kupanda treni ya mchana na kuwa Dar jioni. Ikungi na Manyoni tulizipita vizuri. Tulipokwisha kushuka mteremko wa Saranda, kabla ya Kintinku, tairi la nyuma likapasuka. Kondakta akatoa la akiba, nalo likawa halina upepo. Tukakaa saa tatu kando ya barabara tukisubiri tairi lije kwa pikipiki.

Palikuwa na kibanda cha chai hatua chache kutoka tulipokwama. Mama mwenye kibanda alitoa mabenchi yote nje na kuyapanga chini ya mti, akawaita kwanza waliokuwa na watoto. Aliponiona nimesimama juani na begi langu akasema, "Baba, begi halichomwi na jua, njoo ukae." Chai na chapati mbili 1,500. Kikombe cha pili alikataa hela. "Hiki ni cha pole," akasema, akageukia sufuria lake.

Dodoma tuliingia saa saba. Treni yangu ilikuwa imeshaondoka na tiketi yangu imekwenda nayo. Nikakata nyingine ya jioni, 31,000 daraja la kawaida.

Kwa anayetoka mkoani kwa basi: usikate tiketi ya treni inayobanana na muda wa basi. Acha pengo la saa nne au tano, au lala Dodoma. Jina la kwenye tiketi lilingane na kitambulisho, na ufike stesheni mapema, maana mizigo hupitishwa kwenye mashine na foleni huwa ndefu.

Ndani ya treni ya umeme ni kimya, kimya ambacho mimi sikukizoea safarini. Tulipofika Morogoro giza lilikuwa limeingia na milima ya Uluguru haikuonekana. Nilibandika uso kwenye kioo hivyo hivyo. Mji huu ulimlea Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, halafu Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, kwanza Morogoro Jazz, kisha Super Volcano. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari kule Kenya, Januari 1979, kabla sijazaliwa. Hata hivyo nimetengeneza redio nyingi zilizoamka na sauti yake, na treni iliposimama pale dakika zile chache niliona haifai kukaa naangalia simu.

Dar, saa tano usiku. Chumba Kariakoo, 30,000, feni inafanya kazi.

Siku ya 2, Alhamisi: Kariakoo na dansi Kinondoni

Asubuhi nilinunua vipuri: kapasita, jeki za waya, roli moja ya risasi ya kulehemu. Mchana nililala. Nayaandika haya kwa sababu vipuri hivyo vilikuja kuwa na maana usiku.

Saa moja jioni nilipanda mwendokasi hadi Kinondoni. Mwenyeji wa nyumba ya wageni alinielekeza ukumbi mmoja wa bia wenye bendi ya dansi siku za katikati ya wiki. Jina la bendi nalihifadhi. Kiingilio 5,000, mishkaki minne na ndizi 6,000. Niliwahi mno, viti vingi vitupu, vijana wawili wanafungua maboksi ya spika. Katikati ya ukumbi alikaa mzee wa shati la kitenge, fimbo ameilaza mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Kaa hapa. Meza za mbele ni za wanaokuja kuonekana. Hapa unasikia."

Mzee alikuwa mtu wa Msondo, bendi ile ile ya NUTA na JUWATA, tangu ujana. Aliniambia namna mji ulivyogawanyika kati ya Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, kama unavyogawanyika kwa Simba na Yanga, hata ndani ya nyumba moja. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka Msondo kwenda kuanzisha Mlimani Park mwaka 1978, mzee huyu aliapa hatakanyaga kumbi za Sikinde. "Nikakaa miezi minne," akasema. "Halafu nikasikia ile sauti inatoka ng'ambo ya ukuta, nikalipa kiingilio." Gurumo alifariki Aprili 2014. Mzee alitaja hilo kwa sauti ya chini, kama msiba wa nyumbani kwake.

Bendi ilianza saa tatu na nusu. Solo, rizimu, besi, dramu, tumba, saksafoni moja, waimbaji wanne wa makamo waliovaa mashati ya aina moja. Wimbo wa kwanza ulipoingia nilihisi besi kwenye mbao za kiti kabla haijafika masikioni. Hakuna spika niliyowahi kuitengeneza iliyonifanyia hivyo.

Wimbo wa tatu besi ikaanza kukatika. Inakuja, inapotea, inakwaruza, inarudi. Mpiga besi alikuwa akiukunja waya kwa goti ili ushike. Mimi ugonjwa huo nauona kila siku: waya umekatika ndani, karibu na jeki, na ganda la nje limeuficha. Kipande cha kwanza kilipokwisha nikajipa moyo nikamfuata.

"Kaka, samahani. Waya wako umekatikia shingoni mwa jeki. Nina risasi na jeki mpya hapa. Nipe dakika tano."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe wa wapi?"

"Singida. Fundi redio."

"Haya, fundi. Ukishindwa tumeshindwa wote."

Nililehemu nyuma ya jukwaa, kijana mmoja akinimulikia kwa simu. Waya ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi mbili tu, nyembamba kama unywele. Tulipoujaribu, besi ikatoka imeshiba. Mpiga besi hakusema kitu. Alichukua kiti cha plastiki akakiweka pembeni ya jukwaa, kando ya mpiga tumba, akanionyesha kwa mkono nikae.

Kwa hiyo kipande cha pili chote, karibu saa mbili, nilikitazama nikiwa hatua moja kutoka kwenye tumba. Mpiga tumba alikuwa amezungushia plasta vidole sita. Kila wimbo ulipokwisha alijipaka poda viganjani ili jasho lisimnatishe kwenye ngozi. Anapopiga, kiganja cha kushoto hakitoki juu ya tumba. Kinatembea, kisigino halafu ncha za vidole, kama mtu anayekanda unga, na cha kulia ndicho kinachosema. Macho yake hayakuwa kwenye mikono hata mara moja. Yalikuwa kwenye mdomo wa mwimbaji. Mwimbaji akiivuta silabi, pigo la tumba linamsubiri. Akiimeza, pigo linawahi.

Kusubiri kule nilikuwa nakusikia miaka yote kwenye rekodi za zamani. Mwanzoni, kijana wa karakana, nilidhani ni kasi ya mkanda kuyumba. Siku zile bendi zilikuwa zikirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam wote kwa pamoja, chumba kimoja, wimbo mzima kwa mkupuo. Kilichoingia kwenye mkanda ni watu wanaosikilizana. Kinondoni ndiko nilikokuja kukuona kwa macho, kwenye shingo ya mpiga tumba, namna inavyonyanyuka mwimbaji anapofungua mdomo.

Chemko la mwisho, ile sehemu ya kuchezea, lilikwenda dakika ishirini. Watu walipanda kutunza, noti zikabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, mzee wa shati la kitenge akaja mbele na fimbo yake akacheza mahali pamoja, mabega tu. Nilitoka saa nane usiku. Bodaboda mpaka Kariakoo 5,000.

Kwa wanaokuja: kumbi za dansi hazianzi saa iliyoandikwa kwenye tangazo. Kula kabla, beba noti ndogondogo za kutunza, na panga usafiri wa kurudi mapema na dereva unayemjua au uliyeelekezwa na wenyeji.

Siku ya 3, Ijumaa: boti na usiku wa kwanza Ngome Kongwe

Boti ya asubuhi, bei ya Mtanzania daraja la kawaida kama 30,000. Februari kaskazi bado inavuma na bahari ilikuwa na mawimbi. Nilikaa nje ili nione maji, na maji yakanifuata. Ndipo daftari lilipolowa. Nilipoanza kutokwa jasho baridi, dada mmoja wa baibui aliyekaa mbele yangu aligeuka, akapasua ndimu kwa kisu kidogo, akanipa nusu. "Nusa, usiitafune. Tazama mbali kule, usitazame mawimbi." Ilinisaidia. Saa mbili zikapita, tukaona mnara na paa za Mji Mkongwe.

Nililala Kikwajuni, 40,000 na chai ya asubuhi. Ndani ya Mji Mkongwe wakati wa tamasha vyumba hupanda bei na huisha mapema, na kutoka Ng'ambo, upande wa mji ilipo Kikwajuni, mpaka Ngome Kongwe ni kutembea tu.

Sauti za Busara ilianza mwaka 2004 na hufanyika kila Februari. Mwaka 2016 pekee haikufanyika, fedha zilikosekana. Sharti lake kubwa ndilo lililonileta: kinachosikika jukwaani kinapigwa palepale jukwaani. Watanzania wana bei yao nafuu ya tiketi, ila ukiwa na kitambulisho mkononi.

Kabla ya kuingia nilikula Forodhani. Urojo, bakuli moja: mchuzi mzito wa njano wenye ukwaju na embe bichi, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishkaki, juu chipsi za muhogo na chatine. Nikaongeza juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Uliza bei ya samaki na pweza kabla hawajachomwa.

Ngome Kongwe ni kuta nene za mawe ya matumbawe, zilizojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Mawe yale hurudisha sauti. Ukisimama karibu na ukuta unasikia dramu mara mbili. Nilizunguka uwanja wote kabla ya kuchagua mahali, na huu ndio ushauri ninaoupa uzito kuliko mwingine wote humu: simama nyuma kidogo ya meza ya fundi mitambo. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake, na yeye amesimama pale. Mbele kabisa utasikia dramu na ampu za wapigaji. Waimbaji watakupita juu ya kichwa.

Fundi mitambo wa usiku ule alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na saba. Aliniona nimemkodolea mikono, akanitania, nikamwambia kazi yangu. Tangu hapo, kila bendi mpya ilipopanda, alinyoosha kidole kimoja hewani kuniashiria nisikilize: sasa anashusha besi, sasa anampa nafasi mpiga nai. Nai ni filimbi ya mwanzi isiyo na nguvu, na kwenye bendi yenye ampu inazama mara moja. Alishusha vyote vilivyoizunguka badala ya kuipandisha, na nai ikatokea yenyewe.

Siku ya 4, Jumamosi: kanuni asubuhi, muheme usiku

Asubuhi nilikwenda kunywa kahawa barazani, vikombe vidogo, kashata pembeni. Wazee walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Nilipowaambia nimekuja kusikiliza muziki, mmoja, mwalimu mstaafu wa skuli, akaweka kikombe chini. "Sasa mwanangu, utasikia taarab usiku na makelele yale, hutosikia kitu. Nyanyuka twende pahala."

Alinipeleka kwenye nyumba ambamo wapigaji watatu wa taarab asilia walikuwa wanafanya mazoezi: kanuni, udi na fidla. Tulipiga hodi, tukavua viatu, tukakalishwa mkekani. Ikapita karibu nusu saa hakuna wimbo uliopigwa. Mpiga kanuni alikuwa anaweka nyuzi sawa.

Kanuni ni sanduku la mbao lililolazwa mapajani, upande mmoja umekatwa mshazari, na nyuzi zake zinapita sabini. Kila sauti ina nyuzi tatu, na zote tatu lazima ziseme neno moja. Anaugusa uzi, anainamisha kichwa, anauzungusha msumari wake kwa ufunguo mdogo wa shaba, kidogo sana, kama anayefunga skrubu ya saa. Hewa ya bahari ina unyevu, nyuzi zinalegea, na kesho ataanza upya. Kwenye vidole vya shahada amevaa pete mbili, kila moja imebana kipande chembamba kama ukucha, na hizo ndizo za kukwanyulia. Pembeni, chini ya nyuzi, zimepangwa safu za vichuma vidogo. Akikiinua kimoja sauti inapanda, lakini haiifikii ile inayofuata. Inakaa katikati. Sauti hiyo ya katikati haipo kwenye kinanda chochote kilichowahi kuja karakana kwangu. Alinipigia mara nne, mwalimu akinitazama usoni kuona kama nimeisikia. Mara ya tatu nikaisikia.

"Hiyo," nikasema.

"Ndiyo hiyo," mwalimu akasema, akafurahi kama ni yeye aliyeipiga.

Kisha wakapiga. Sitaieleza sana. Mwanzo fidla na kanuni zilikwenda pamoja, halafu udi ukaachwa peke yake, na chumbani mlikuwa na feni, mtoto nje, muadhini wa mbali akijaribu kipaza sauti, na vyote hivyo havikuharibu kitu. Mimi maisha yangu yote kazi ni kuondoa kelele kwenye sauti. Chumba kile nilikichukua na kelele zake zote.

Njiani kurudi mwalimu alinihadithia Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivyomtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Na Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa 1905 na ambacho kipo mpaka leo. Nilitaka kumpa hela ya kahawa. Aliukunja mkono wangu na noti ndani yake.

Usiku, Ngome ilijaa. Nilikuwa mahali pangu nyuma ya meza. Bendi mbili zilipita vizuri, kisha taa zikashushwa na wakaingia wanawake wa Kigogo, kama kumi, ngoma za muheme mikononi, njuga miguuni. Nilishtuka. Hawa ni majirani zetu; Manyoni ukishuka tu uko kwao. Nilikuwa nimevuka bahari.

Walizibana ngoma katikati ya mapaja, wakainama mbele kidogo, na mikono ikaanza. Mmoja anaongoza, wengine wanamjibu kwa pigo linaloingia katikati ya pigo lake, hivyo kwamba sikio haliwezi kusema ni nani amepiga nini. Juu ya ngoma zinapanda sauti, moja chini, nyingine juu, ya tatu inapita katikati, na zote zinakutana zinapotaka. Nilimwangalia fundi mitambo. Mikono yake ilikuwa imekaa mezani tu. Hakugusa kitu.

Walipomaliza, wageni waliosimama karibu nami walikuwa wanaulizana hawa wanatoka wapi. Nikawajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Dodoma!"

Siku ya 5, Jumapili: Fumba

Mchana nilipanda daladala kwenda Fumba, alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Upande mmoja sasa kuna majumba mapya, upande mwingine ufuko na ngalawa. Hakuna cha kutazama kwa mgeni na hakuna kiingilio. Mimi nilitaka kuiona njia tu. Alitoka huku kwenda mjini akiuza vyungu, akinadi kwa sauti yake, na mwaka 1928 sauti hiyo hiyo ikarekodiwa Bombay kwenye santuri za kampuni ya HMV, akiimba kwa Kiswahili. Nilitembea barabarani kama nusu saa, jua kali, bila mzigo, nikachoka. Yeye alibeba vyungu kichwani na bado alikuwa na pumzi ya kunadi.

Kijana muuza madafu alinipa moja kwa 1,500 na kunionyesha kivuli. Usiku wa mwisho Ngome niliusikiliza nikiwa nimekaa chini, miguu ilikataa.

Siku ya 6, Jumatatu: Unguja, Dar

Boti, bahari shwari, nilikaa ndani. Karafuu na mdalasini kwa mke wangu kutoka Darajani, 8,000. Chumba kilekile Kariakoo. Hakuna zaidi.

Gharama zote za siku saba, pamoja na ile tiketi ya treni iliyonipotea, zilifika 563,000, ukiondoa tiketi za tamasha na vipuri vyangu. Anayekaa Dar atatumia chini ya nusu ya hiyo.

Siku ya 7, Jumanne: Dar, Dodoma, Singida

Treni ya asubuhi. Nilikuwa nimeshakaa nilipoona ngoma zinaingia behewani, moja moja, zimefungwa khanga. Nikazitambua kabla sijawatambua wenyewe. Wanne kati yao walikaa upande wa pili wa njia, mmoja, mama mtu mzima, dirishani mkabala nami.

Kigogo changu ni cha salamu tu. "Mbukwenyi," nikasema.

Wote wanne wakageuka. Wakaitika, wakacheka, wakauliza mimi wa wapi. Nikawaambia Singida, na kwamba Jumamosi nilikuwa Ngome Kongwe.

"Umetoka Singida mpaka Unguja kutusikiliza sisi?" mama akauliza.

"Nilikwenda kusikiliza muziki, mama. Sikujua kama na nyinyi mpo."

"Sisi tupo Chamwino siku zote. Mwezi wa saba huwa tunacheza pale nyumbani, vijiji vinakuja vyote, wazee, watoto wa shule. Hakuna jukwaa hivi. Unakaa chini, unasikia mpaka unachoka. Mlete na mama watoto."

Nikamwomba anieleze lile pigo linaloingia katikati. Hakueleza. Alinyoosha mkono akapiga kwenye meza ndogo ya kiti, taratibu, akaniambia nishike pigo la kwanza na nisiliache. Nikalishika kwa kidole gotini. Akaingia na lake. Nikapotea. Akaanza tena. Kutoka Pugu mpaka Morogoro tulikuwa kwenye jambo hilo, wenzake wakinisahihisha kwa makofi madogo, na mara moja, labda kwa mapigo manane, nilibaki mahali pangu yeye akipita pande zote.

Dodoma niliwasaidia kushusha mizigo. Mama alinipa ngoma yake niibebe mpaka kwenye bajaji. Ni nzito kuliko inavyoonekana jukwaani, inanuka ngozi na moshi, na pale mapaja yanapobana mbao zimelainika na kung'aa.

Basi la mchana, 15,000, tairi zote salama. Nyumbani saa mbili usiku. Kwenye kalenda ya karakana, ukurasa wa Julai, nimeandika Chamwino, watu wawili.